Sugu Inayotembea

Nitakayokuambia hapa hutayaamini, na sitakulazimisha. Nimewahi kuwasimulia watu wenye akili kuliko wewe wakaondoka wakitikisa vichwa. Lakini mimi nilikuwepo, tena kiti cha mbele, na kama kuna mtu mjini hapa anayejua kulisimulia jambo likasimama kwa miguu yake, ni mimi. Waulize. Watakukubalia, ingawa wengine watakukubalia huku wanacheka.

Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya meza ya jikoni, miguu nimeipandisha kitini kama kuku aliyekimbia mafuriko. Chini hakukanyagiki. Chini kuna mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amepiga magoti akinipangia vigae, na amenikataza kushuka mpaka gundi ishike. Kila nikimaliza ukurasa namsomea kwa sauti. Hajibu. Ameilaza simu yake sakafuni kando ya pima maji yake ya kusawazishia vigae, na macho yake yanakwenda kwenye simu, yanarudi kwenye pima maji, yanakwenda kwenye simu tena. Anangoja nini, tutafika. Usinikimbize.

Watu wanamwita Binti Sakafu, kwa sababu baba yake, shemeji yangu, alikuwa Mzee Sakafu. Uzee wenyewe hakuuona. Walimwita Mzee akiwa na nywele nyeusi tii, kwa heshima ya mikono yake. Hakuna aliyepanga vigae kama yeye. Ungeweza kuweka gololi katikati ya chumba chake, ukaenda sokoni, ukarudi ukaikuta palepale ikikusubiri. Alikuwa na tabia moja: kabla ya kulaza kigae cha mwisho, alikunja ngumi akaididimiza kwenye saruji mbichi, kisha akaifunika. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Mwenye nyumba hakujua. Sisi wa ndani tuliweza kuipata kwa kugonga, maana kigae kile kililia kitupu.

Na ile ngumi ilikuwa ya kuonyeshana. Juu ya vifundo vya vidole palikuwa na vinundu vigumu, vimepangana kama kokoto chini ya ngozi. Nyuma ya visigino mishipa ilikuwa imenenepa kama kamba za kuvutia boti. Sugu za kazi, alisema. Akiulizwa amesomea wapi alitandaza mikono yote miwili mezani: "Cheti changu hiki, soma." Watoto wake wakubwa walipoanza kutokwa na vinundu hivyo, mmoja mmoja, ilikuwa furaha nyumbani. Binti Sakafu naye, aliyeshika mwiko kabla ya kushika kalamu, siku alipopapasa kidole chake akakuta kimoja alikimbia uani akipiga kelele: "Baba, imeota!"

Sasa sikiliza namna alivyoolewa, hapa ndipo penyewe. Walikuja wachumba. Alikuja karani mmoja mwenye viatu vinavyong'aa; Mzee Sakafu akamshika mkono kumsalimu, akaugeuza, akautazama kiganjani, akamrudishia kama anayerudisha mzigo usio wake. Alikuja mwalimu, naye vilevile. Kisha akaja kijana fundi kutoka mtaa wa pili, maneno machache, mabega kama kabati.

"Weka mikono mezani," Mzee Sakafu akamwambia.

Kijana akaiweka. Mzee naye akaweka yake kando. Nilikuwa nimekaa pale, na chai yangu ikapoa mkononi. Vinundu vya huyu na vya yule vilitazamana kama mapacha: kidole kwa kidole, kifundo kwa kifundo.

"Umepiga magoti tangu lini?"

"Tangu sijaota ndevu, baba."

Mzee Sakafu akageuka kwa dada yangu. "Mama watoto, ongeza sukari kwenye chai ya huyu. Huyu ni wa hapahapa."

Yule kijana tangu siku ile tukamwita Ngumi. Binti Sakafu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango akiziba mdomo asicheke, maana alikuwa ameshampenda zamani, na alichokuwa akiogopa ni kwamba baba atamkataa.

Mzee Sakafu hakumwona mjukuu. Alianguka kifudifudi juu ya sakafu aliyokuwa ametoka kuipanga, mwiko mkononi, akiwa na umri ambao wengine ndiyo kwanza wanaanza kufuga kitambi. Tulisema kazi imemmaliza. Tulisema kwa fahari kidogo, nisikufiche.

Mjukuu alipokuja alikuwa msichana, na tangu ameanza kuongea hajanyamaza. Wazazi wake walikuwa wanakwenda naye kazini, wanamketisha juu ya mfuko wa saruji, naye kutoka pale juu anawapa maagizo: "Kile kimepinda. Baba, unalala? Mama, rudia." Jina lake likawa Msimamizi. Alipokuwa na miaka sita vikamtoka vinundu magotini na kwenye viwiko, vya rangi ya manjano kidogo, kisha nyuma ya visigino. Ngumi akambeba mabegani akazunguka naye mtaani: "Tazameni, fundi kazaliwa na cheti chake!" Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi, tena kwa nguvu kuliko wote.

Miaka miwili ikapita katika furaha hiyo.

Siku moja Binti Sakafu alikuwa akipanga bafu la daktari mmoja wa hospitali kubwa, mama mpole mwenye miwani, ambaye mimi humwita Daktari wa Bafu, akiwa mbali. Binti Sakafu hufanya kazi miguu mitupu. Anasema unyayo unaona penye mwinuko kabla ya jicho. Ukipiga magoti hivyo, anayesimama mlangoni anaona nini? Visigino. Daktari alikuja na glasi ya maji, akasimama mlangoni, maji hakuyatoa.

"Fundi, samahani. Hizo za nyuma ya miguu zimeanza lini?"

"Hizi? Sugu hizi, daktari. Ukipiga magoti kama nilivyopiga mimi na wewe zitakuota."

"Ukipiga magoti, nyuma ya kisigino hakugusi sakafu."

Binti Sakafu akacheka. "Basi zimeota kwa wivu. Zimeona magoti yanapata, zikataka nazo."

Daktari akachuchumaa, akamwomba mkono, akapapasa vifundo. "Nani mwingine kwenu ana hivi?"

"Sema nani hana! Marehemu baba alikuwa nazo. Kaka zangu wanazo. Mume wangu anazo, ndizo zilizomwoza. Hata binti yangu zimeshamtoka, magoti na viwiko, na ana miaka minane tu! Huyo atatupita wote."

Daktari hakucheka. "Binti yako anafanya kazi ya vigae?"

"Nani, Msimamizi? Yeye kazi yake kutusimanga kutoka juu ya mfuko wa saruji."

"Basi sugu zake zimetokana na nini?"

Nyundo ya mpira ilikuwa hewani wakati huo. Ilishuka yenyewe, ikapiga kona ya kigae, kona ikazama. Binti Sakafu aliiona ikizama. Maisha yake yote hajawahi kuacha kona iliyozama, na siku ile aliiacha.

"Marehemu baba yako alifariki akiwa na umri gani?" daktari akauliza.

Alirudi nyumbani mchana kweupe, vyombo vyake ameviacha bafuni kwa watu. Akamvua mtoto soksi. Akamgeuza huku na huku.

"Mama, mbona unanikagua kama ukuta?"

"Nyamaza. Inua mguu."

"Nimepinda?"

Binti Sakafu akamvalisha soksi tena, mguu wa kushoto ukaingia kwenye ya kulia.

Walipimwa damu. Ya mtoto ilirudiwa, kwa sababu aliyeipima alidhani mashine imeharibika. Ikarudiwa tena, mashine ikawa nzima kabisa. Kolesteroli, mafuta yale yanayoziba mishipa, ilikuwa imejaa kwenye damu ya mtoto wa miaka minane kuliko ya mzee yeyote aliyewahi kupita pale. Na vile vinundu havikuwa sugu. Yalikuwa mafuta yaleyale, yamekosa pa kwenda, yakajikusanya chini ya ngozi na kwenye kano za vidole na visigino.

Daktari akatuketisha. Nasema akatuketisha kwa sababu nilikwenda na mimi. Familia yetu haiendi mahali pa maneno magumu bila mimi. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, tusilichimbe hilo, lakini kusikiliza najua.

"Ini," daktari akasema, "lina milango ya kupokea mafuta haya kutoka kwenye damu. Namna ya kutengeneza milango hiyo mtu anarithi kwa wazazi, nakala moja kwa mama na nyingine kwa baba. Nakala moja ikiwa na kosa, milango inakuwa nusu. Zote mbili zikiwa na kosa, milango karibu hakuna."

Nikamwambia nimeelewa. Akaniomba nimweleze nilivyoelewa. Nikakohoa.

"Tutapima vinasaba vyenu watatu," akaendelea. "Kama kosa limetoka upande mmoja tu, kuna vidonge, na vinafanya kazi vizuri, na mtoto atakua. Kama limetoka pande zote mbili..." Akamtazama Msimamizi aliyekuwa akikagua vigae vya dirishani, akashusha sauti. "Vidonge vinasaidia kwa kuongeza milango. Asiye na milango, vinamwongezea nini? Mishipa ya moyo inaweza kuziba kabla hajamaliza shule."

Wakatolewa damu, vichupa vitatu, vikapelekwa mbali, maana kwetu mashine ya kusoma vinasaba hakuna. Damu ile ilisafiri kuliko nilivyowahi kusafiri mimi, na mimi nimesafiri. Wao wakabaki kungoja.

Unajua mke anaweza kuomba mangapi kuhusu mume? Pesa, uaminifu, aache kukoroma. Binti Sakafu akawa anaomba jambo moja tu, asubuhi na jioni, huku anakoroga gundi, huku anaosha vyombo: kwamba mikono ya mumewe iwe mikono ya kazi tu. Kwake yeye alishakubali. Baba yake alianguka na mwiko mkononi, kaka zake wana visigino kama magogo. Kosa ni la kwao, na iwe hivyo. Lakini Ngumi, Ngumi mtu wa watu, zake zingekuwa sugu. Sugu za kweli, za kupiga magoti. Basi lingekuwa kosa la upande mmoja, na mtoto angepona.

Siku ya mapumziko akaweka beseni uani, maji ya moto, sabuni, na jiwe la kusugulia miguu.

"Leta mkono."

"Tumealikwa wapi?" Ngumi akauliza.

"Leta mkono, baba Msimamizi."

Sugu ikilowekwa inalainika, ikisuguliwa inatoka. Hilo analijua kila anayeishi kwa magoti yake. Akamloweka mpaka vidole vikakunjamana kama vya mtoto mchanga. Akaanza kusugua. Ngozi ikatoka, nyeupe, kwa vipande, ikaelea kwenye maji.

"Unaona!" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Unaona, zinatoka! Nilijua mimi! Zinatoka!"

"Mke wangu, hapo chini kuna mtu. Unamchubua."

"Vumilia."

"Navumilia. Lakini nikibaki na mifupa mitupu, utaniajiri wewe?"

Akasugua mpaka ngozi mpya ikaonekana, nyekundu, laini. Na chini ya ngozi ile laini kinundu kilikuwa kimekaa palepale, kigumu, kizima, hakijapungua hata chembe. Binti Sakafu akakibana kwa kidole gumba.

"Kunja kidole."

Ngumi akakunja. Kinundu kikasogea chini ya gumba lake, kikafuata kano.

"Kunjua."

Kikarudi.

Sugu ni ngozi. Sugu haiendi popote. Akamwambia akunje tena, akunjue tena, akunje, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua hakuna mwenyeji.

"Inatembea?" Ngumi akauliza.

"Haitembei."

"Mama Msimamizi. Mwenye kidole ni mimi."

Wakakaa pale, mikono yao yote minne ndani ya beseni, maji yakapoa. Kisha Ngumi akasema jambo ambalo katika ndoa yao yote hakuwahi kulisema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Mama yangu alikuwa na mawe kama haya vidoleni. Alikuwa mshonaji. Tulisema ni ya mkasi." Akaigeuza mikono yake majini. "Alianguka akimpima mteja mabega. Vigae hakuvishika hata siku moja."

Wakamwaga maji yale kwenye maua. Na bado, nakwambia, bado wote wawili waliendelea kuomba. Majibu hayajaja, kwa hiyo hayapo.

Majibu yakaja. Chumba kilekile, viti vilevile. Daktari hakuzunguka.

"Kosa moja limetoka kwako," akamwambia Binti Sakafu.

"Najua. Na lingine?"

Daktari akamtazama Ngumi. Ngumi akaingiza mikono mifukoni, polepole, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu.

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Baba yangu alimchagua huyu kwa ajili ya mikono," Binti Sakafu akasema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Aliiweka mezani akaipima na yake." Kisha akainuka. "Si umesema ni ini? Mnaweza kubadilisha maini, nimesikia. Mpe langu."

"Lako lina nusu ya milango," daktari akasema. "Hatuwezi kumpa ini lenye kosa lilelile."

"La kwangu je?" Ngumi akauliza.

"Hata lako, baba. Pole sana."

Nikajikuta nimesimama. Sikujua nimesimamaje. "Mimi siyo damu ya Mzee Sakafu! Langu zima!" nikasema, na nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa ng'ombe.

Daktari akanitazama macho, akanitazama tumbo. "Mjomba, unakunywa?"

Nikakaa.

Wa kwanza kuondoka ni Binti Sakafu. Hakuaga. Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani kwa marehemu, pale dada yangu anapoishi, nikamkuta barazani na nyundo na tindo, anagonga kigae kimoja kimoja na kuweka sikio. Kilipolia kile kitupu, kando ya kizingiti, akakipiga. Kikavunjika vipande. Dada yangu akatoka ndani na mwiko wa kupikia, akaona, akashika mdomo, akarudi ndani.

Chini ya kigae palikuwa na ngumi ya Mzee Sakafu. Vidole vinne, vifundo vinne, na kila kifundo kimeacha shimo na ndani yake vishimo vidogo vya vile vinundu. Ungedhani ameutoa mkono asubuhi ile. Binti Sakafu akaegemeza tindo katikati. Akainua nyundo.

"Ulifurahi," akamwambia baba yake pale chini. "Ulifurahi! Uliongeza sukari kwenye chai!"

"Mama, unaharibu kazi."

Ni Msimamizi. Alikuwa amekuja na Ngumi nyuma yetu, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akasogea, akachuchumaa, akatazama shimo kwa makini kama anavyotazama kila kitu.

"Huyu ni babu?"



Akakunja kangumi kake akakaingiza ndani. Kakapotea mle. "Babu alikuwa na mkono mkubwa," akasema. "Mimi bado." Kisha akainua uso. "Mama, shusha nyundo, utanipiga."

Nyundo ikashuka, ikawekwa sakafuni taratibu, kama yai. Binti Sakafu akamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba hapumui, na aliposikia neno hilo, hapumui, akamwachia kama aliyeungua.

Vidonge walianza wote watatu. Kwa wakubwa vilifanya kazi kama daktari alivyosema. Kwa mtoto vilishusha mafuta kidogo tu, mengi yakabaki. Picha ya moyo ikaonyesha mshipa mmoja umeanza kufinyika. Hapo ndipo nyumba ile ilipopoteza akili. Binti Sakafu alitoa mafuta yote jikoni, akachemsha kila kitu mpaka chakula kikawa na rangi moja. ("Mama," Msimamizi akasema, "chakula hiki kimefanya kosa gani?") Akamkataza kukimbia. Akamkataza kuruka kamba. Akamkataza kupanda juu ya mfuko wa saruji. Ilifika akawa anamwekea kiganja kifuani anapokula, anapoongea, akisikiliza kama anavyosikiliza vigae, kutafuta kilio kile kitupu.

"Sasa nisimamie nini nikiwa nimelala tu?" mtoto akauliza.

"Nisimamie mimi."

"Wewe umepinda siku hizi."

Ngumi naye alikuwa anafanya kazi ya watu wawili bila kusema, amevaa glavu. Mtu aliyedharau glavu maisha yake yote. Hazivui hata kusalimia.

Iliyobaki ni mashine. Iko hospitali ya mji mkubwa, na mashine yenyewe ni moja: inatoa damu mkono huu, inaichuja mafuta, inairudisha mkono ule. Kila baada ya wiki mbili, tena na tena, na haiponyi. Inapunguza tu, inanunua muda. Na mishipa ya mtoto ni myembamba, na moyo umeshachoka, na daktari alituambia wazi kwamba siku ya kwanza ndiyo ya kuogopa, mwili unaweza kukataa. Foleni yake ni ya watu wazima wenye barua nzito. Daktari wa Bafu alipiga simu, akapiga tena, akaenda mwenyewe. Kuna siku Binti Sakafu alikwenda kwake, akaingia bafuni bila kuongea, akang'oa kile kigae kilichozama kona, akakipanga upya, akatoka. Hakujua afanye nini kingine. Daktari alimfuata mpaka getini, akamfungulia mwenyewe.

Nafasi ikapatikana. Ni leo.

Anayeruhusiwa kuingia ni mzazi mmoja. Msimamizi akachagua mwenyewe: "Baba aje. Mama ataanza kukagua mashine, watu watafukuzwa." Wakaondoka na basi la kwanza. Binti Sakafu akasimama kituoni mpaka vumbi likatua. Kisha akaja kwangu, vyombo vyake begani, na maboksi ya vigae ambayo sikuyaagiza.

"Jiko lako lina sakafu mbaya," akasema.

Ni kweli ina mashimo, lakini mashimo yale nimeishi nayo kwa amani tangu yeye hajazaliwa. Nikapanda juu ya meza. Ningefanya nini?

Basi ndiyo tuko hivi. Amepanga tangu asubuhi bila kunywa maji. Kona zote ziko sawa, nimezitazama kutoka huku juu, na mimi si mtu wa kusifu ovyo. Kimebaki kigae kimoja, pale kando ya mlango. Saruji ya chini yake ameshaiweka, mbichi, inang'aa. Amekiweka kigae magotini, amekishika kwa mikono miwili, na hakilazi. Anaitazama ile saruji. Vidole vyake vinajikunja, vinajikunjua. Simu imenyamaza.

Sasa wewe msomaji unataka mwisho, na mimi sijawahi kumwacha mtu na njaa. Basi mashine ikawashwa. Ikanguruma hospitali nzima ikasikia. Mafuta yakatoka debe zima, ya manjano, wauguzi wakaita wenzao waje kuona. Mtoto akafumbua macho akawaambia, "Mashine yenu imepinda," wakacheka mpaka wakashika kuta. Akashuka kitandani, akaomba kamba, akaruka pale pale wodini. Ngumi akavua glavu akazitupa dirishani. Na daktari mkuu, mzee mwenye mvi ambaye hajawahi kutabasamu tangu amesomea udaktari, akapiga makofi akasema huyu atatuzika sote, atamzika mama yake akiwa bibi kizee, atanizika mimi, na mazishi yangu atayasimamia mwenyewe akiwa juu ya mfuko wa—

"Mjomba," amesema Binti Sakafu bila kuinua kichwa. "Simu haijalia."